Yaya wa Mheshimiwa Ngiri

Sikilizeni, kisha mbishe mkitaka. Katika Bunge la Mwituni, Mheshimiwa Ngiri aligonga meza. "Gemu za kupigana zinatuharibia watoto. Zipigwe marufuku!"

Mama Nungunungu, mwenye watoto wanne, akasimama kwenye viti vya wageni. "Wangu hawazichezi, maana nimewakataza mwenyewe. Sihitaji sheria yako."

"Keti chini, mama!"

"Siketi."

Mara mwana wa Ngiri, aliyekuwa kando ya baba yake, akaangua kilio. "Baba, namtaka Yaya!"

Kwa mazoea, Ngiri akachomoa simu mfukoni, akamfungulia gemu ya ngumi. Mtoto akanyamaza. Bunge zima likaikodolea macho simu ile.

"Mheshimiwa," alisema Nungunungu, bado amesimama, "ukimfukuza Yaya kazi, huyo atalelewa na nani?"