Mguu Mtupu wa Suruali

Gilcimar aliingiza miguu yake yote miwili kwenye mguu mmoja wa suruali ya jinzi, akaivuta hadi kiunoni. Mguu wa pili ukabaki unaning'inia mtupu.

"Tazameni nafasi iliyobaki," alisema, akiunyanyua ule mguu mtupu.

Wanawake wa safu ya mbele wakaanza kufuta macho. Machozi ya suruali! Edileuza aligeuza uso pembeni.

Mchezo wenyewe aliujua. Katika kikundi hiki cha waliokatwa tumbo ili wapungue unene na wanaojiandaa kukatwa, kila aliyepungua alileta suruali yake ya zamani, akaingia kwenye mguu mmoja, akapigiwa makofi. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya nne Edileuza anakuja kwenye ukumbi huu wa nyuma ya kanisa, na zote nne zilikuwa zimemtia kinyaa. Huyu anasimulia alivyotapika povu kwa tonge moja la wali. Yule anafunua blauzi kuonyesha ngozi ya tumbo inavyomlegea hadi mapajani. Wawili wa nyuma wanashindana nani anacheua zaidi, wanacheka mpaka wanalia. Ndio watu wa kumpa moyo hawa?

Na moyo alikuwa anauhitaji kweli. Jumanne ijayo ilikuwa zamu yake ya kulala mezani kwa daktari. Alikuwa na kilo mia moja na sitini na mbili, na sukari, na usingizi unaomkaba hata binti yake akawa halali bila kuacha mlango wazi amsikilize anapumua. Daktari hakumficha: moyo umechoka, usichelewe.

Hata kiti walimpa cha peke yake. Wenzake walikalia vya plastiki. Yeye siku ya kwanza Mama Zenaide, kiongozi wa kikundi, alimpeleka kwenye kiti kipana cha chuma kilichokuwa ukutani. "Kaa hapa, mwanangu. Hiki hakikuangushi." Ukumbi mzima ukageuka kumtazama anavyokaa. Wanampima makalio, alijiambia, na hakuwasamehe.

Lakini aliyemtumbukia nyongo kabisa ni huyu Gilcimar, mchomelea mageti. Mchana ule ule alikuwa amemwona sokoni na sahani ya pili ya sarapatel, damu na matumbo ya nguruwe yakielea kwenye mafuta, anasukumia kwa unga wa muhogo huku kidevu kinang'aa. Mtu aliyekatwa tumbo vijiko vitano vinamshinda. Na sasa kasimama hapa anawaliza watu.

Uongo mtupu. Na kama huu ni uongo, basi wote ni waongo. Edileuza akatoa simu, akamwandikia ujumbe muuguzi wa daktari wake: "Nimepata udhuru. Naomba Jumanne tuisogeze mbele kidogo." Akautuma. Kifua kikamlegea kwa nafuu, na ile nafuu ikampa ujasiri wa kusimama.

"Bwana Gilcimar, mchezo wako umetuchosha."

"Edileuza, mwanangu..." alianza Mama Zenaide.

"Niache, mama. Mimi ninashona jinzi hapa Toritama mwaka wa ishirini na mbili huu. Hiyo suruali imemzidi urefu kwa kiganja kizima! Tumbo mtu anakatwa, unene unapungua, sawa. Tangu lini mtu akapungua urefu?"

Hakuna aliyecheka.

"Na leo mchana alikuwa sokoni anabugia sarapatel, sahani mbili! Pandisha shati, baba, tulione kovu!"

Gilcimar alipandisha shati, bila haraka. Tumbo lilikuwa safi, halina hata mkwaruzo.

"Mmeona? Ametafuta suruali ya maonyesho, anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Ilete hapa niwaonyeshe, haijawahi kuvaliwa hii."

Gilcimar akatoka kwenye suruali, akampa kwa mikono miwili.

Edileuza aliigeuza ndani nje mbele ya watu wote. Vidole vyake vikakutana na viraka. Vilikuwa vitatu, kimoja juu ya kingine, pale ndani ambapo mapaja husuguana na kitambaa kikalika. Alivifahamu mno. Viraka vya namna ile alijishonea mwenyewe kila mwezi, mlango umefungwa, na hakuna kiwanda Toritama nzima kinachoviweka.

Sauti ikamshuka. "Hii imevaliwa."

"Imevaliwa," alisema Gilcimar.

"Lakini wewe hukukatwa. Na si urefu wako."

"Na nani alikwambia ni yangu?" Hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akitazama kiti cha chuma nyuma yake. "Ni ya mdogo wangu, Adeilton. Hicho kiti nilimchomelea yeye, vya plastiki vilikuwa vinamvunjikia watu wanacheka. Alikuwa na tarehe yake, kama wewe. Ilipobaki siku chache akasema tunamtia kinyaa, akaisogeza mbele kidogo. Tulimzika kabla hicho kidogo hakijafika."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Edileuza. Akaitoa, akasoma ujumbe wa muuguzi.

"Hakuna neno, dada. Nafasi yako ya Jumanne tumeshampa mwingine."