Buibui wa Shaweji

Siwema alimkuta buibui amelala chali, miguu yake ya manyoya ikielekea juu. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu mumewe, Shaweji, apooze, kila asubuhi alimwogesha, akamgeuza kitandani, kisha akaenda kwenye nyasi kumkamatia panzi buibui anayemfuga.

"Buibui wako amekufa," alisema, akiingiza mkono kwenye tangi la kioo.

"Usimguse," Shaweji alisema kutoka kitandani. "Akifa hukunja miguu chini ya tumbo. Akilala chali hivyo anajivua gamba. Watu huwazika wangali hai."

"Sasa nimfanyie nini?"

"Hakuna. Hatakula, hataki kushikwa. Anataka kuachwa tu."

Siwema akafunika tangi, akalitazama kwa muda. Kisha akatandika kanga sakafuni, kando yake, akajilaza chali na kufumba macho.

Wifi yake, Mwanjaa, alipiga hodi, hakuitikiwa, akaingia. Alipomwona pale chini alishtuka.

"Kaka, mkeo ana nini?" aliuliza, akiinama kumtikisa.

"Usimguse," alisema Shaweji.

Mkono wa Mwanjaa ukabaki hewani.