Mgeni wa Bi Mwanahawa

Sheria inataka kila mzazi apigiwe simu na mwanawe kila siku baada ya alasiri, na mtoto asiye na nafasi anaruhusiwa kuiachia akili mnemba ipige kwa sauti yake. Majirani walipolalamika kwamba wanazungumza na mashine, Bi Mwanahawa aliringa.

"Sefu wangu hupiga mwenyewe. Mashine itajuaje kulia? Mjomba wake Dadi alipofariki, tulilia pamoja mpaka adhana ya magharibi."

Ijumaa moja Sefu akatokea bila taarifa, baada ya miaka minne. Mama alimchinjia jogoo, akampikia wali wa nazi. Sefu alikula huku akitazama saa.

"Mama, mjomba Dadi hajambo? Mbona hajaja kunisalimu?"

Upawa ulimponyoka Bi Mwanahawa. Aliuokota, akaupangusa taratibu kwa ncha ya kanga.

"Hajambo," alisema, maana hakuwa na nguvu za kumzika kaka yake mara ya pili. "Amesafiri."

Sefu aliaga kabla ya alasiri. Mama alimsindikiza hadi mlangoni akichechemea, na Sefu hakuuliza kwa nini.

Simu ikalia saa ile ile ya kila siku.

"Shikamoo, mama. Ule mguu wa kushoto umepoa?"

Bi Mwanahawa aliitazama sahani ya Sefu, wali umebaki nusu. Angeweza kukata simu.

"Marahaba, mwanangu," alijibu huku machozi yakimtiririka. "Bado unauma. Leo nilikuwa na mgeni, nikasimama sana jikoni."