Uzi wa Shingoni

Ncha mbili za uzi mweusi zilikutana kisogoni, na Kombo akacheka kwa mara ya kwanza tangu rovu limvimbe shingoni.

"Umeona, Mize? Mganga alisema ncha za uzi zikikutana tu, nimepona. Mizizi yake imefanya kazi!"

Mize akamtazama. Mikono ya mumewe ilikuwa ikitetemeka, na shati lililomkaa vizuri kabla ya mfungo sasa lilimpwaya mabegani. Shingo peke yake ndiyo iliyonenepa.

"Basi hospitali siendi tena," Kombo akasema. "Kesho wasiningoje na visu vyao."

Uzi ule haukuwa wa mganga. Ncha za ule wa mganga zilizidi kuachana kila Ijumaa walipopima, na Mize, kwa kumwonea huruma mume asiyelala kwa hofu, akakata mwingine mrefu zaidi. Alitaka Kombo apate usingizi tu. Hakudhani angeuamini kuliko daktari.

Akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa uzi mwingine, mweusi vilevile.

"Baba Raya, kaa nikupime tena."

"Na huo je?"

"Huu ndio aliokupa mganga. Ule nilikata mimi."

Kicheko kikamkauka Kombo. Akaketi, akainua kidevu. Mize akauzungusha uzi, akauvuta mpaka ukagoma.

Kombo akapeleka mkono kisogoni kuzitafuta ncha. Akaingiza kidole kimoja katika pengo lililo kati yake, kisha cha pili, kisha cha tatu.