Bila Jina, Bila Chama

"Nani kasema?" aliuliza Shoka.

Mhariri mkuu aligonga meza kwa kalamu. Swali hilo lilikuwa marufuku katika kikao cha asubuhi, na Shoka, mhariri wa habari za siasa, alilijua katazo hilo vizuri, kwa kuwa lilitungwa kwa ajili yake.

Mwezi uliopita, diwani wa chama anachokipenda Shoka alimwita mama muuza mboga "mkaa unaotembea", tena mbele ya wateja wake. Shoka aliitupa habari hiyo ukurasa wa tisa, chini ya tangazo la magodoro, akisema ulimi hauna mfupa. Siku chache baadaye mgombea wa upande wa pili akatamka maneno yasiyozidi hayo kwa ubaya. Huyo alipewa ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene kama matofali.

Wasomaji si wajinga. Walipiga simu wakitukana. Wengine walikuja hadi getini, wakachana gazeti vipande mbele ya mlinzi, wakisema akipenda, chongo huita kengeza.

Ndipo mhariri mkuu alipoleta utaratibu wake. Habari yoyote ya ubaguzi wa rangi ililetwa kikaoni ikiwa imevuliwa nguo: bila jina, bila chama, bila mahali. Kwanza ukurasa ukubaliwe, ndipo mwandishi amtaje mhusika. Na ukishakubaliwa haubadilishwi, hata jina likiwa la mama yako mzazi.

Shoka aliuchukia utaratibu huo kama mtoto anavyochukia sindano. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, na alitaka ukurasa wa kwanza wa kesho umpige mgombea yule dafrao, asiinuke tena. Alimkodolea macho mwandishi aliyesimama mwisho wa meza, binti mwembamba, mpole, ambaye ofisi nzima ilimwita Kivuli.

"Haya, soma. Na usitupotezee muda."

Kivuli alisoma. Jumamosi, mkubwa mmoja alikuwa akipiga picha ya pamoja na watu anaowaongoza. Binti mmoja alipokwenda kujipanga na wenzake, mkubwa huyo alimzuia, akasema weusi wake utawaharibia picha. Watu walicheka. Hakuna aliyemtetea.

Basi.

Shoka alihisi damu ikimchemka, halafu, polepole, ikaja furaha. Jumamosi! Jumamosi mgombea wa upande wa pili alipiga picha na vijana wa chama chake, na picha hiyo ilikuwa imezagaa kwenye simu za watu wote. Alikumbuka kwamba humo hamkuwa na uso hata mmoja mweusi tii.

"Ukurasa wa kwanza," alisema.

Mhariri wa michezo, aliyerudi jana kutoka safari na timu, alicheka kwa pua. Alikuwa hasimu wake wa miaka mingi na hakuwahi kulificha hilo. Alimkumbusha diwani na mkaa wake, kisha akauliza, "Vipi, leo ulimi umeota mfupa?"

Shoka alimjibu kwamba mpira umemla akili. Diwani alikuwa na hasira za sokoni, maneno yakamtoka. Huyu wa leo hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa anatabasamu, amejipanga apigwe picha, na bado akamwondoa mtoto wa watu mbele ya wenzake kama kiti kilichovunjika mguu.

"Hayo ya kutabasamu umeyatoa wapi?" aliuliza mhariri wa michezo. "Hajayasoma."

"Nawajua watu wa namna hiyo."

Mhariri mkuu alitaka kujua kama kuna mashahidi. Kivuli alisema wapo, na wawili wamekubali kunukuliwa. Binti mwenyewe pia yuko tayari kutajwa.

"Alilia?" aliuliza Shoka. Sauti yake ilikuwa imelainika ghafla.

"Hapana. Alipewa simu. Akaambiwa, maadamu amesimama tu, awapige wenzake hiyo picha."

Shoka alipiga meza ngumi, vikombe vikaruka. "Mmesikia? Amdhalilishe, kisha amtumikishe." Akasimama, akaanza kuupanga ukurasa kwa mikono hewani: huku kichwa cha habari, kule uso wa mhusika, mkubwa kiasi kwamba mkewe aone haya kwenda dukani. Chini yake, tahariri ya kumtaka aachie ngazi. Mtu wa namna hiyo, alisema, hafai kuongoza hata foleni ya maji.

"Una hakika?" aliuliza mhariri mkuu. "Sitaki kelele baadaye."

"Naapa. Tena atakayepiga simu kumwombea, mleteni kwangu."

"Na tahariri ya kumtaka aachie ngazi, nayo unaisimamia?"

"Nitaiandika mwenyewe."

Mhariri mkuu alimgeukia mhariri wa michezo. Yule aliinua mabega, akasema kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hana la kumpinga. Ukurasa wa kwanza ukapita.

Shoka aliketi, akavuta kiti karibu na meza, akafungua kalamu yake. Moyo ulikuwa mweupe. Alimtazama mgombea yule kwa macho ya akilini, akamwona ameshaanguka.

"Haya, mwanangu," alimwambia Kivuli kwa upole. "Sasa mtaje."

Kivuli alikunja karatasi yake.

"Ni wewe, bosi," alisema. "Hata simu niliyopewa ilikuwa yako."