Gari Namba Kumi na Saba

Wadih alisimama kabla Hiyam hajamaliza kusoma ukurasa.

"Gari namba kumi na saba lifutwe," alisema. "Mbio zile za mwisho zote zifutwe."

Watu wakaacha kunong'ona. Rabih, aliyekuwa anamimina kahawa, akabaki ameshika birika hewani.

Hiyam, katibu wa klabu, akavua miwani. "Kwa kosa gani?"

"Lilikuwa jepesi. Kilo nane pungufu."

"Nimelipima mwenyewe. Lilizidi kilo mbili."

"Basi liliondoka kabla ya bendera."

"Bendera nilishika mimi, mwanangu," alisema mwenyekiti, mzee Abu Nassif, taratibu kabisa. "Halikuondoka mapema."

Kwenye kikao cha kufunga msimu majina ya madereva hayatajwi. Ni namba tu, tangu mwaka ule binamu wawili walipopigana kwa viti mpaka mmoja akalazwa Beiruti. Hiyam anasoma namba, muda na makosa, na mwenye lalamiko analisema hapohapo. Daftari likishafungwa, limefungwa. Mpaka hapo hakuna matokeo yanayotoka nje ya mlango.

"Endelea kusoma, dada Hiyam," alisema Rabih.

Hiyam akasoma. "Namba kumi na saba. Misimu sita, nafasi ya tano, ya sita, ya tano. Linapanda mlima vizuri, likifika kona ya mwisho linakata kasi. Mwaka huu halikukata. Dakika mbili, sekunde kumi na tisa. Rekodi mpya ya mlima."

"Misimu sita linakanyaga breki pale kama limeona mbuzi," alisema Rabih. "Kumbe mbuzi mwenyewe hayupo."

Wakacheka. Wadih hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani.

Kona ya mwisho inaonekana kutoka pale. Kuna jiwe kubwa, na juu ya jiwe kuna jina la mwenye rekodi, kwa rangi nyeupe. Jina lilikuwa Shakib. Chini yake, kwenye kiti cha plastiki, mama yake Wadih alikuwa amekaa na chupa yake ya chai, shali imefunika mabega, mdomo unacheza. Alikuwa anaongea na jiwe. Kila Jumapili yuko pale.

Shakib alikuwa mtoto wake wa kwanza, kaka yake Wadih. Aliandikwa kwenye jiwe, na mwaka uliofuata akapanda boti kwenda Kupro kutafuta kazi. Bahari haikumrudisha, hata kiatu. Hana kaburi. Ana jiwe.

Na rekodi ikivunjwa, aliyeivunja anashika brashi siku hiyohiyo, anapaka rangi nyeusi juu ya jina la zamani, kisha anaandika lake. Mkebe wa rangi ulikuwa tayari chini ya meza.

"Mkanda," alisema Wadih. "Mkanda wa bega la kushoto haukufungwa. Hilo ni kosa. Liko kwenye kanuni."

"Kanuni inataka mashahidi wawili," alisema Hiyam.

"Yupo mmoja."

"Mmoja hatoshi, Wadih. Unajua hatoshi."

"Mle ndani kulikuwa na nani mwingine?" aliuliza Rabih. "Malaika? Aje asaini."

"Dereva hautaki ushindi huo," alisema Wadih.

"Haya, leo namba kumi na saba ana wakili."

Wakacheka tena, lakini kidogo, na wengine wakaangalia vikombe vyao.

Wadih akazunguka meza mpaka kwa Abu Nassif. Akainama, akamshika mkono na kuubusu, kama watoto wanavyofanya sikukuu. "Ami, nakuomba. Andika gari liliharibika. Andika saa ilikufa. Andika chochote. Tofauti ni nusu sekunde tu. Nani atakufa kwa nusu sekunde?"

Mzee hakuuvuta mkono wake.

"Unajua jina gani lilikuwa pale kabla ya Shakib?" alisema. "La kwangu. Na kabla yangu? La baba yangu. Nilimfuta kwa mkono huu unaoushika, na alikuwa amekufa majira yale ya baridi. Nililia mpaka rangi ikamwagika kwenye viatu. Lakini nilimfuta."

"Baba yako alikuwa na kaburi, ami."

Rabih akaweka birika chini polepole.

"Tukianza kudanganya kwa ajili ya huzuni," alisema Abu Nassif, "basi hata muda wa Shakib utakuwa uongo. Watu watasema tulimwonea huruma na yeye. Unataka hivyo?"

Wadih akauachia mkono wa mzee.

"Lalamiko limekataliwa," alisema mzee. "Samahani, mwanangu. Dada Hiyam, funga."

Hiyam akaandika mstari wa mwisho. Akaligeuza daftari, akaweka kalamu juu yake, akalisukuma katikati ya meza.

"Namba kumi na saba," alisema. "Weka sahihi."

Daftari likapita kwa Rabih, likapita kwa wengine mmoja mmoja, hakuna aliyeinua macho, mpaka likamfikia Wadih. Akasaini. Kisha akainama chini ya meza, akachukua mkebe na brashi, akatoka.

Mama yake alimwona anakuja na rangi. Akainuka, akasogeza kiti chake pembeni ampishe.

"Afadhali umekuja, mwanangu," alisema. "Herufi ya mwisho ilikuwa imeanza kufifia."