Picha Iliyokataa Kufutika

Kamera ilipigwa ukutani mara ya tatu, na safari hii lenzi ikachomoka, ikabingirika hadi miguuni pa mkuu wa idara, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa maabara.

Mama huyo alikuwa amesikia vishindo kutoka ofisini kwake, ghorofa ya juu, akadhani kabati limeanguka. Hakutegemea kumkuta Profesa, mtu aliyekuwa akitaniwa kwamba humwomba mende radhi kabla ya kumfagia, ameshika chuma cha stendi ya kamera kwa mikono miwili, shati limechanika begani, anahema kama aliyekimbizwa. Mbele yake fundi wa picha alikuwa amebanwa pembeni. Nyusi yake ilikuwa imepasuka, damu inachuruzika mpaka kwenye kola ya koti lake jeupe.

"Ifute!"

"Siwezi, Profesa. Nimeikagua mara nne. Ni ile ile."

"Nimesema ifute!"

Chuma kikashuka. Fundi akainama, na rafu ya chupa nyuma yake ikamwagika sakafuni, vioo tupu.

Mkuu wa idara hakuhitaji kuelezwa. Kwa miaka sita timu hii ilikuwa na kazi moja: mgonjwa anasukutua dawa, anamulikwa kinywani kwa taa ya buluu, na penye saratani panang'aa wekundu. Kisha leza inaelekezwa papo hapo, inaua saratani na kuiacha nyama nzima salama. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wametibiwa. Saa nne asubuhi hiyo wakaguzi wangekuja kuziangalia picha zao, na sasa ilikuwa saa tatu na robo. Kumbe kulikuwa na picha isiyotakiwa kuonekana. Kuna mgonjwa hakupona.

"Weka chini hicho chuma," alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe unayeficha matokeo je?"

Profesa alimwangalia kama hamjui. Walikuwa marafiki tangu wakiwa wanafunzi, hata wageni chuoni walidhani ni ndugu. "Toka," akamwambia. "Toka kabla sijakuumiza."

Mlinzi aliingia mbio na kumkumbatia kwa nyuma. Wakaanguka wote wawili juu ya vioo. Profesa alimng'ata mkono, akang'ang'ania nyama hadi mlinzi akapiga yowe na kumwachia. Akasimama, viganja vimechanika, mdomo umejaa damu isiyo yake, akaigeukia leza.

Ilikuwa moja tu. Ilichukua miaka miwili kuipata.

Fundi aliona anakoelekea. Akairukia ile mashine akailalia, kama mama anavyomlalia mtoto nyumba ikianguka.

"Si hii, Profesa! Vunja vyote, lakini si hii! Hii utaihitaji!"

Chuma kilitua kwenye mkono wake. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Hakuondoka. Profesa akainua chuma tena, na hapo mkuu wa idara alijikuta ameshika mtungi wa kuzimia moto, bila kukumbuka ameutoa wapi. Alimtwanga nao ubavuni. Profesa akapiga magoti. Akamtwanga tena, begani, kwa nguvu zaidi, na safari hii hakuwa akimzuia. Alikuwa akimwadhibu.

"Mwongo!" Alimkalia mgongoni, akamkandamiza shingo kwa goti hadi shavu likagusa vioo. "Miaka ishirini nakutetea! Nimekula kiapo kwa jina lako! Wagonjwa wamekupa vinywa vyao, wewe unawauza kwa sifa!"

"Ni kamera," Profesa alisema sakafuni. Povu la damu lilimtoka. "Kamera inaongopa. Mwambie afute. Kamera inaongopa."

"Unaongopa wewe."

Mlinzi alimfunga mikono kwa waya wa umeme, akaukaza kuliko ilivyohitajika. Profesa hakupigana tena. Alilia tu, kilio kirefu kisicho na aibu, na mkuu wa idara akasikia kinyaa. Hata machozi, aliwaza, ni ya kujionea huruma.

Alimsaidia fundi kuketi. Mkono wake ulikuwa umepinda pasipo kiwiko.

"Umefanya kazi ya mwanamume na nusu," alimwambia. "Gari la wagonjwa linakuja. Wakaguzi wataiona picha hiyo, na nitawaonyesha mimi mwenyewe. Iko wapi?"

Fundi alimtazama Profesa kwanza. Kisha akaibonyeza kompyuta kwa mkono mzima.

Kinywa kilijaa kwenye kioo, kikiwa wazi, chini ya mwanga wa buluu. Ubavuni mwa ulimi, karibu na mzizi, paling'aa wekundu wa kaa la moto. Halikuwa doa dogo.

"Mungu wangu. Huyu ni mgonjwa namba ngapi?"

"Hana namba."

"Mmemfuta hata kwenye orodha?"

"Hakuwahi kuwamo, mama." Sauti ya fundi ilikuwa ndogo. "Wakaguzi walitaka na picha ya mtu mzima wa afya, ya kulinganishia. Yule wa kujitolea hakutokea jana mchana. Profesa akapiga simu nyumbani, mtu aje mara moja tu, dakika kumi. Alikuja anacheka, akaniambia nimpige picha nzuri."

Mkuu wa idara aligeuka polepole. Sakafuni, Profesa alikuwa amefumba macho.

"Nani alikuja?"

"Binti yake," fundi akasema. "Yule anayekuita shangazi."